Kidole cha Mama Mkwe (Sehemu ya Saba)

Majina mawili tu. Hayo ndiyo yaliyomfanya Mutheu Kaloki apige ukemi wiki iliyopita, ukemi uliomwamsha hadi mlinzi wa getini, na yule mlinzi hajawahi kuamshwa na kitu tangu aajiriwe.

Kama ulikuwa matangani, au gazeti lako lilifungiwa nyama kabla hujalisoma, sikiliza haraka haraka.

Mutheu anafanya kazi Kitengela, ghorofani juu ya duka la simiti, katika kampuni iitwayo Kwato Mtandao. Kazi yake ni kukodolea skrini macho. Skrini ina laini tano, na kila laini ni mnada mmoja wa mifugo: Kajiado, Illasit, Kitengela yenyewe na mingine miwili. Ng'ombe akiuzwa, muuzaji anaweka kidole gumba kwenye kimashine, mnunuzi anaweka chake, kompyuta ya mnadani inauliza seva ya Kitengela, seva inasema sawa, kibali kinachapwa, ng'ombe anapanda lori. Bila kibali, hata mbuzi kiwete hatoki getini.

Siku njema laini ni kijani na Mutheu anatafuna njugu. Siku hiyo, tangu saa nne unusu, laini zote tano zilikuwa nyekundu kama macho ya mlevi. Miamala mia tatu na kumi ilikuwa imepanga foleni, na foleni haisongi hata unywele.

Bosi wake, Makokha, alikuwa ameshatoa hukumu. "Saa sita kamili, laini zisiposonga, beji yako uiache mezani. Na ukitoka, funga mlango polepole, hiyo bawaba ni mbovu."

Ndipo Mutheu alipofungua miamala miwili iliyokwama mbele ya foleni akasoma majina. Mmoja ni wa ndume wa Mbeke Kaloki, mkulima wa Entarara. Wa pili ni wa mtamba wa Lemein ole Parsaloi, mfugaji wa Kajiado.

Mbeke ni mama yake mzazi.

Lemein ni mume wake.

Na penye moto ni hapa: Mama Mbeke hakujua kuwa binti yake ana mume.

"Uko sawa?" Makokha aliuliza kutoka mlangoni, kikombe cha chai mkononi.

"Niko sawa, bosi. Ni panya."

"Panya ameingia kwa sistimu?"

"Ameingia kwa kiatu."

Makokha akaangalia saa ya ukutani. Saa tano na dakika ishirini. Akapuliza chai yake kama mtu asiye na haraka ya kufuta mtu kazi, lakini aliye na hamu.

Siri hiyo ilikuwa na miezi minane. Mutheu na Lemein walitia sahihi Kajiado, mashahidi wawili, soda nne, kwisha. Sababu ya kuficha ilikuwa Evalyne, dada mkubwa. Mama Mbeke alikuwa ameapa mbele ya kanisa zima kwamba kwake hakuna mdogo atakayemruka mkubwa kama mbuzi anavyoruka ua. Na Evalyne hakuwa na haraka ya kuolewa. Alikuwa na saluni, alikuwa na gari, alikuwa na amani ya moyo.

Mutheu akampigia simu Soila, karani wa mashine pale Kajiado.

"Soila, hao wawili wa mbele kwa foleni wako na shida gani?"

"Madam, hata sijui nikuambie aje. Hawa wanabadilishana. Mama anatoa ndume, Lemein anatoa mtamba. Kila mtu ameweka kidole cha kutoa. Cha kupokea ndio kimekataa."

"Mashine ni mbovu?"

"Mashine ziko fiti zote mbili. Watu ndio wabovu."

Mambo yalikuwa hivi. Mama Mbeke aliweka kidole kwenye mashine ya kwanza kumtoa ndume wake. Lemein aliweka kwenye mashine ya pili, ng'ambo ya uwanja, kumtoa mtamba wake. Sasa kila mmoja alitakiwa aende kwenye mashine ya mwenzake apokee. Lakini Mama Mbeke alikuwa ameketi kwenye kigoda chake mbele ya mashine ya kwanza na kuapa haondoki mpaka huyo mwanaume aje kwanza, aweke kidole akimwona, kwa sababu wakora hawaishi mnadani.

"Na Lemein?"

"Yuko nyuma ya lori ya kondoo. Alikuja vizuri, akamwona huyo mama, akarudi nyuma mbio. Amejifunika shuka kwa kichwa kama bibi harusi."

Mutheu akashika tama. Alielewa kabla Soila hajamaliza.

Wamaasai wanaita enkanyit. Wakamba wanaita nthoni. Ni heshima ileile, na inasema jambo lilelile: mkwe hamkaribii mama mkwe. Hasimami mbele yake, hamshiki mkono, hamtazami usoni. Dalali ndiye aliyewaunganisha hao wawili bila kutaja majina. Lakini picha ya Mama Mbeke, Lemein alikuwa ameiona mara mia kwenye simu ya Mutheu. Ile sura aliijua kama pembe za ng'ombe wake.

Kwa hiyo Lemein alimngoja mama aondoke. Mama alimngoja Lemein aje. Na programu ya Kwato Mtandao iliandikwa na mtu mwenye wivu: ng'ombe wawili wakishikana, inalifunga daftari zima, minada yote mitano, mpaka wale wawili waachane.

"Iue!" Makokha aliamuru alipoelezwa nusu ya habari, ile nusu isiyo na ndoa. "Iue hiyo miamala miwili, tuendelee."

"Nikiiua, bosi, seva inafuta mauzo yote ya asubuhi. Itasema hakuna ng'ombe aliyeuzwa."

"Si watauzwa tena?"

"Wengine washakuwa choma. Utamrudishia mwenyewe nini, mifupa?"

Makokha akafikiri. Alipenda choma. "Basi uko na dakika thelathini na tano," akasema, akavuta kiti akakaa nyuma yake, karibu kabisa, kama mtu aliyekuja kuangalia mpira.

Mutheu akarudi kwenye simu, sauti chini. "Soila, mwambie huyo mama aende akanywe chai. Dakika tano tu. Lemein atakuja ataweka kidole, atapotea."

Soila alikwenda, akarudi. "Amekuja na chupa yake ya chai. Na viazi vitamu. Amenikaribisha."

"Basi mpelekee Lemein kimashine kule aliko!"

"Kimepigiliwa misumari kwa meza, Madam. Cha kwanza si kiliibwa?"

"Basi beba meza!"

Wazo lilikuwa zuri. Mawazo mengi huwa mazuri kabla hayajafika Kajiado.

Soila aliwaita wachinjaji wanne, vifua kama milango. Wakaishika meza, kila mmoja pembe yake, kompyuta juu, wakainua. Hakuna aliyekuwa ameangalia chini. Mama Mbeke, kwa kuogopa wakora, alikuwa amemfunga ndume wake kwenye mguu wa meza ile ile.

Ndume akaona meza yake inatoroka. Akakataa.

Mutheu aliyaona yote kwenye video ya simu ya Soila, kamera yake mwenyewe ameizima, picha ikiruka juu na chini. Aliona meza inakwenda mbele, kisha inakwenda nyuma, kisha inazunguka uwanja kwa kasi ambayo fundi aliyeipiga randa hakuikusudia. Mchinjaji wa kwanza aliachilia. Wa pili aliburutwa. Na Mama Mbeke, aliyekuwa ameshika ukingo wa meza akisema hamnichukulii mashine mimi, aliteleza na kigoda chake juu ya samadi mbichi, mgongo wima, kitambaa kichwani hakijasogea, kama malkia anayekagua jeshi.

Wakaelekea moja kwa moja kwenye lori la kondoo.

Lemein alichungulia kutoka ndani ya shuka. Akamwona mama mkwe wake anamjia kwa mwendo wa pikipiki. Hakungoja maelezo. Aliruka juu ya lori, akaingia katikati ya kondoo, akalala kifudifudi.

"Ũngama!" Mama Mbeke akamkemea ndume kwa Kikamba, na ndume akasimama pale pale kama mwanafunzi. Meza ikatua. Kompyuta ikalia mlio mmoja wa huzuni, lakini haikuzima.

Mama akajipangusa. Akaliangalia lori. Akaliangalia kwa muda mrefu.

"Wewe msichana," alimwambia Soila. "Huyo kijana amelala na kondoo kwa sababu yangu?"

"Sijui, mama."

"Asubuhi alikataa kunisalimia. Nikampa mkono, akaukimbia. Nikamtumia kiazi na mtoto wa dalali, akakipokea akiwa amenigeuzia mgongo. Nipe hiyo simu. Nataka mtu wa sistimu."

Mutheu alikosa pa kuingia. Nyuma yake pumzi ya Makokha ilinukia tangawizi. Saa ilikuwa sita kasoro dakika kumi. Mutheu akabana pua kwa vidole viwili, sauti ibadilike.

"Haloo, Kwato Mtandao, hapa ni Madam Waruguru, nikusaidie aje?"

Mama akaisogeza simu karibu na sikio.

"Kohoa," akasema Mama Mbeke.

"Sijakuelewa, mteja wetu."

"Nimesema kohoa."

Mutheu akakohoa.

"Mutheu."

"Mwaitu," Mutheu akajibu, yaani mama kwa Kikamba.

"Hiyo sauti nimeinunulia dawa ya kifua miaka kumi na tano. Usiniletee Waruguru."

Makokha akanong'ona, "Huyo ni mama yako?" Mutheu akajifanya kiziwi. Kule Kajiado, Soila alikuwa ameiweka simu kwenye spika, na watu wa mnada wakawa wamesogea. Mnada uliokwama hauna burudani nyingine.

"Mwaitu, tafadhali, nenda tu uweke kidole kwa mashine ya pili. Foleni ya minada mitano iko nyuma yako."

"Nitaweka. Kwanza unijibu. Mimi nimezeeka, sijakuwa mjinga. Mwanaume akimkimbia mwanamke namna hii, ni mambo mawili: ama amemwibia, ama amemwolea binti. Mimi sijaibiwa kitu. Na mabinti niko nao wawili." Akavuta pumzi, na mnada mzima ukavuta naye. "Huyu ni wa nani?"

Kasoro dakika saba.

Sasa, msomaji, ungefanya nini? Usijibu, najua. Ungefanya alichofanya Mutheu.

"Ni wa Evalyne," akasema.

Kigelegele alichopiga Mama Mbeke kiliwafanya kondoo wa lorini wasimame wote kwa pamoja, na Lemein akabaki amelala peke yake, hana pa kujificha. Miaka thelathini na minne mama alikuwa amekihifadhi kigelegele kile. Alikitoa chote.

"Evalyne wangu! Ai asi, Mungu si Athumani! Wapi hiyo mashine? Nitaweka vidole vyote kumi!" Akaanza kuvuka uwanja, leso inapepea, watu wanampisha. Hatua tano. Hatua kumi. Kwenye skrini ya Kitengela muamala wa kwanza bado ulikuwa mwekundu, lakini si kwa muda mrefu. Mutheu akaachia pumzi.

Hatua mbili kutoka kwenye mashine, Mama akasimama.

"Ngoja kwanza nimpigie Evalyne nimpongeze."

"Usipige!"

"Kwa nini nisipige? Msichana, nitolee namba ya E kwa simu yangu hii, ni hiyo yenye picha ya maua."

"Mwaitu, weka kidole kwanza!"

"Inaita," akasema Mama kwa furaha.

Kasoro dakika nne. Mutheu alifumba macho. Kuna uongo ambao unaweza kuulea ukakua. Huu ulikuwa umezaliwa dakika tatu tu zilizopita na tayari ulikuwa unataka kumla mama yake.

"Kata simu, Mwaitu. Si Evalyne. Ni mimi."

Vichwa vyote uwanjani vikaigeukia simu. Hata ndume aliacha kutafuna.

Mchinjaji mmoja akaona aokoe jahazi. "Mama, hongera hata hivyo!"

"Wewe nyamaza, sijakuuliza bei ya maini." Kisha kwa simu, polepole: "Tangu lini?"

"Miezi minane."

"Miezi minane. Na kila Jumatano nafunga kula, napiga magoti kwenye ile sakafu baridi, nakuombea mume."

"Ndiyo, Mwaitu."

"Kumbe huko juu walikuwa wananicheka."

"Mwaitu, utanichapa, nitakuja mwenyewe nyumbani unichape. Lakini saa sita ikifika kabla hujaweka kidole, mimi sina kazi."

"Ni nani anasema?"

"Ni bosi. Ako hapa nyuma."

"Bosi," akaita Mama Mbeke.

Makokha, mtu mzima mwenye kitambi na ofisi, akasimama kutoka kwenye kiti chake. "Naam, mama."

"Nitamwadhibu mimi. Wewe usinitangulie."

"Sawa, mama." Akabaki amesimama.

Kasoro dakika mbili. Mama Mbeke akamgeukia Soila. "Mwambie huyo kijana ashuke kwa kondoo. Mwambie mimi nitampa mgongo, na yeye anipe mgongo. Mkwe hafedheheshwi mnadani. Atafedheheshwa nyumbani, akiwa ameshiba."

Akavuta leso mpaka machoni, akageuka. Lemein akashuka kutoka lorini, sufi kwenye nywele, akaja kinyumenyume, hatua kwa hatua, Soila akimwongoza kwa bega kama lori linaloegeshwa. Wazee wawili waliokuwa karibu wakageuka pia, kwa heshima. Wachinjaji hawakugeuka. Wachinjaji hawajui haya.

Lemein kwenye mashine ya kwanza, mama kwenye ya pili, migongo imetazamana. Kila mmoja akarudisha mkono nyuma, akapapasa, akaweka kidole gumba.

Kajiado ikawa kijani.

Kisha Kitengela. Kisha Illasit. Kisha zile mbili. Miamala mia tatu na kumi ikaanza kumiminika kama mahindi kutoka gunia lililotoboka. Saa ya ukutani ikagonga sita.

"Umefanya aje?" Makokha akauliza.

"Nimeongea na mteja," akasema Mutheu.

"Kazi safi. Beji ni yako. Ya nyongeza tutaongea Ijumaa."

Kule Kajiado mambo hayakuwa yamekwisha. Mama Mbeke bado alikuwa ameelekea upande wa ofisi ya ushuru, Lemein upande wa lori, na Soila katikati yao kama redio, maana kwa heshima hawawezi kusemeshana.

"Muulize," alisema Mama, "mahari iko wapi. Ama alidhani nafuga wasichana wa kugawa bure?"

"Anauliza mahari."

"Mwambie Yieyo nililipa," akasema Lemein, akimwita mama kwa Kimaasai. "Ng'ombe wanane. Mwezi uliopita. Nilitaka Mutheu ajue siku ya sherehe."

Mutheu akaikaribia simu. "Ulilipa? Ulimpa nani?"

"Si mjomba wako? Kasyoki. Alinitafuta mpaka bomani, akaniambia yeye ndiye ndugu ya mama, ametumwa apokee kimya kimya ili Evalyne asiumie. Nikaona huyu anaijua familia. Nikamchagulia wazuri."

Soila alifungua mdomo apitishe habari. Haikuhitajika. Mama Mbeke alikuwa amegeuka mzima mzima, nthoni kando, akamwangalia mkwe wake usoni mbele ya watu wote.

"Mimi nilizaliwa peke yangu," akasema. "Sina kaka. Sijawahi kuwa na kaka."

Vidole vya Mutheu vilikuwa tayari kwenye kibodi. Aliandika jina moja, Kasyoki, akabonyeza tafuta. Jibu halikutoka kwenye kumbukumbu za mwezi uliopita. Lilitoka kwenye foleni iliyokuwa ikisonga wakati ule ule mbele ya macho yake.

Laini ya Illasit. Muuzaji: Kasyoki. Ng'ombe: wanane. Alama ya sikio: ya boma la ole Parsaloi. Kidole cha muuzaji: kimekubaliwa. Kidole cha mnunuzi: kinasomwa.

Alikuwa amekwama pale tangu asubuhi kama wengine wote, yeye na ng'ombe wake wa wizi, akingoja mtu afungue njia. Mutheu ndiye aliyeifungua.

Na kutoka Illasit, mpaka wa nchi uko umbali wa kutupa rungu. Lori likivuka, wale wanane wataitwa majina mengine kabla ya jioni.

Akapiga simu ya karani wa Illasit. Inatumika. Akapiga tena. Inatumika.

Kidole cha mnunuzi: kimekubaliwa. Kibali: kinachapwa.

Muamala ukifika hapo, huwezi kuushika huo peke yake. Unaushika pamoja na daftari zima, minada yote mitano, watu wote, ng'ombe wote, kwa kitufe kimoja ambacho Makokha alikuwa amekizungushia utepe mwekundu kwa mkono wake mwenyewe.

"Mutheu," sauti ya mama ilitoka kwenye spika. "Unampigia nani?"

"Mutheu," akasema Makokha nyuma yake, ameona mkono wake unakwenda wapi. "Hapana. Mutheu, usijaribu."

Akabonyeza.

Laini tano zikarudi nyekundu. Na kwenye kamera ya geti la Illasit, karatasi ya kibali ilikuwa imetoka nusu kwenye mashine, lori la wale wanane limewasha injini, na mwanaume mwenye kofia ya majani alikuwa ameishika ile nusu kwa mikono miwili, anaivuta.